Sura ya Kamba

Nakala ishirini za riwaya ya Asteria zilifika Kambarage kwa basi la Alhamisi, ndani ya boksi la sabuni. Mumewe, Marselino, ndiye aliyelibeba hadi nyumbani. Alilifungua kwa kisu cha vitunguu, akatoa nakala moja, akaanza kuisoma amesimama karibu na jiko, maharage yakichemka. Yeye naye alikuwa mwandishi. Alikuwa na vitabu viwili vya hadithi fupi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika cha tatu, kuhusu mdogo wake Mabula aliyefia kwenye shimo la dhahabu huko Geita.

Alipofika sura ya saba akaketi.

"Umeandika ile kamba," alisema.

"Nimebadilisha majina, Baba Wema."

"Ungeniuliza."

"Ulinipa siri hiyo nikae nayo miaka tisa. Ni maisha yangu pia."

Marselino alipakua maharage, wakala.

Watu wote walijua kwamba kamba ya winchi iliyokuwa ikimpandisha Mabula ilikatika. Sura ya saba ilisema haikukatika. Kingo za shimo zilipoanza kumeguka, kaka mtu aliachia mpini akakimbia, na mdogo mtu, aliyekuwa akipandishwa, akarudi chini. Marselino alikuwa amemwambia mkewe peke yake, mara moja tu, kisha akamwomba wasilizungumze tena.

Jumapili, jirani yao Bernadina alimuuliza kama misa ya kumbukumbu ya Mabula ingekuwepo mwaka huu. Marselino akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Asteria, ikisoma ukurasa wa tisini kuanzia juu. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho wa aya, akasema basi yeye ataleta mchele.

Kwa mambo mengine sauti yake ilibaki ileile. Aliomba chumvi kwa sauti yake, akafukuza mbuzi kwa sauti yake. Ilibadilika tu alipotaka kumzungumzia Mabula. Walikwenda hospitali. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima. Akamwomba Asteria naye aseme "aa", akalinganisha, akaandika kwenye faili: sauti ni ya mke. Akawapa vidonge vya kumumunya, wagawane.

Marselino alijaribu kuandika. Kalamu ikaandika sentensi za Asteria, na mikato yake, kila mmoja mahali pake. Akakusanya madaftari ya miaka kumi na mmoja, akayatia kwenye gunia la mahindi, akafunga mdomo wa gunia. Asteria alimwona. Alitaka kumwambia neno, ila kila alilolifikiria lilikuwa limeshachapishwa.

Siku ya kumbukumbu mama mkwe, Melania, alikuja kutoka Kolandoto.

"Shikamoo, mama," Asteria alisema.

"Marahaba." Aliketi, akamgeukia mwanawe. "Katekista amenisomea kitabu. Sasa nieleze, Mabula alikufaje?"

Sauti ya Asteria ikaanza: *Winchi ilikuwa ikilia tangu asubuhi.*

Melania aliinua mkono. "Huyo ni mkeo. Nimekuuliza wewe."

Marselino alishika kiti kwa mikono miwili, akajaribu tena. *Winchi ilikuwa ikilia tangu asubuhi.* Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutetemeka, kwa kuwa haikuwa yake.

"Na wewe umejua tangu lini?" Melania alimuuliza Asteria.

"Miaka tisa, mama."

"Miaka tisa unanipakulia chakula."

"Nisamehe, mama. Nimekutobolea siri kitabuni."

"Hukunitobolea kitu. Walimleta amefungwa kwenye turubai kwa kamba ileile. Nzima, haina hata fundo la kuungia. Nilijua siku ileile." Alikunja kanga yake mapajani. "Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe. Angeniambia. Mwaka jana kidogo tu aniambie."

Bernadina aliingia na mchele, akauweka kando, akatoka.

Tangu hapo Melania huja kila mwezi. Hunywa uji, humwambia mwanawe, "Haya, jaribu," naye Marselino hufungua kinywa. Asteria husimama mlangoni akijisikiliza. Sauti yake inasoma vizuri, inapumzika panapostahili. Mwezi uliopita, Melania akiwa amefumba macho, Asteria aligundua kwamba sentensi ya kuachia mpini ina neno moja la ziada. Mchapishaji alikuwa ameshapiga simu kuhusu toleo la pili. Asteria aliingia ndani taratibu, akatafuta kalamu.