Nyuzi Nne za Papa Edouard

Aimée alitaka kitu kimoja tu: siku ya kuondoa kilio cha papa yake, apige ule wimbo ambao marehemu aliupiga kwa gitaa yake kila Jumapili baada ya misa, pale kwao Bagira. Wimbo wenyewe hauna maneno wala jina. Vidole vya papa alivitazama tangu utotoni, akajua kila kimoja kinakaa wapi. Kilichomshinda ni nyuzi.

Chanzo ni tonton Xavier, mdogo wake marehemu, na jamani, nia yake ilikuwa safi! Jioni ya maziko aliitoa gitaa ukutani, akazilegeza nyuzi zote nne mpaka zikaning'inia. "Nyumba iko mu kilio," akasema. "Gitaa nayo inyamaze." Wazee wakakubali. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitatakiwa kukazwa tena, na aliyejua zinavyokazwa ndiye huyo waliyetoka kumzika. Kumrekodi nako, nani angeweza? Akiona simu tu, Edouard aliweka gitaa chini, akaomba chai.

Basi Aimée akaanza kutafuta kitabu. Kwa wauza vitabu kuukuu wa Nguba alipekua mpaka vumbi likamkaba, na kila kitabu kilikuwa cha nyuzi sita. Destin, mpiga gitaa wa kwaya, akaitazama gitaa, akacheka: "Dada, hizi zingine mbili mulipeleka wapi?" Aimée hakucheka. Siku hiyo alimchukia hata aliyeichonga.

Binamu yake Gisèle, anayefanya kazi ofisini Muhumba, ndiye aliyegundua kwamba kitu hicho kinaitwa gitaa ya tenori, na kwamba mafunzo ya wanaoanza yapo kwenye mtandao. Akamchapishia kurasa kwenye mashine ya ofisi. Aimée nusura ambebe mgongoni kwa furaha! Akafika nyumbani, akakaza uzi mmoja mmoja kama kurasa zilivyosema, akaweka vidole pale papa alipoviweka.

Ikatoka sauti nzuri, safi, ya mtu mwingine kabisa.

Akalegeza, akakaza, akajaribu huku na huku hadi ncha za vidole zikachubuka. Papa hakusoma kitabu chochote. Alizikaza kwa sikio lake mwenyewe, na sikio lile limekwenda naye. Aimée akalia kwa kwikwi, gitaa mapajani.

Siku ikafika. Maman Françoise, mama yake, alikuwa amevua nguo nyeusi, akaketi mbele kabisa. Aimée akazirudisha nyuzi kama kurasa zilivyotaka, akapiga wimbo wote, bila kukosea kidole hata kimoja. Watu wakapiga makofi. Maman Françoise akamvuta mkono, akamwambia kwa upole:

"Umepiga muzuri, mutoto wangu. Sasa tupigie ile ya papa yako."

Aimée akarudisha vidole palepale, akaanza upya, na mama yake akafumba macho, akingoja wimbo uanze.