Bia ya Mjerumani na Fomu Namba Sita

Bosi wangu Lusajo hanywi pombe. Kibondo nzima inalijua hilo, kwa sababu hulitangaza mwenyewe kila akishika kipaza sauti. Ni mzee wa kanisa, katokea Mbeya, na tangu aletwe hapa kusimamia vikundi vya wajasiriamali ameshakataa maombi manne ya shangazi yangu Josepha, mwenyekiti wa akina mama wanaopika urwarwa, pombe yetu ya ndizi, kule Murungu. Maombi yote manne niliyachapa mimi, maana mimi ndiye karani wa ofisi. Majibu ya kukataa nayo nikayachapa mimi.

Shangazi hakuomba makubwa. Urwarwa ikifika siku ya tatu inachacha, na inayobaki humwagwa nyuma ya migomba pamoja na jasho la akina mama kumi na wawili. Alitaka mashine ya kuipasha moto na kuijaza kwenye chupa ili ikae miezi. Aliyemsikiliza ni mtu mmoja tu, Holger, Mjerumani aliyefanya kazi miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu, na ambaye familia yake huko Düsseldorf inapika bia. Aliwahi kufika Murungu, akanywa kwa shangazi, akasifia, akaondoka akiahidi kutafuta mashine.

Mwaka jana barua yake ikaja. Mashine imepatikana, ila wenzake wanaochangia wanataka kwanza kujua kama huku kuna mtu anayeijua pombe kwa ulimi, isije ikapewa watu wakaigeuza pipa la maji. Ametuma Kasulu chupa sita za bia kali ya kwao iitwayo altbier, pamoja na fomu sita. Tuandike tulichoonja, na tuandike ukweli.

Harufu ya wafadhili ilipomfikia, bosi aliacha kuichukia pombe kwa muda. Aliunda Kamati ya Uonjaji yenye wajumbe watano, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti. Shangazi hakuwemo. Nilipouliza, bosi aliniambia kwamba kamati inahitaji wataalamu.

Tukaenda Kasulu kwa gari la ofisi, shangazi tukimbeba kama "mwakilishi wa walengwa", cheo ambacho maana yake ni kukaa karibu na mlango. Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, meza imefunikwa kitambaa cheupe na kuwekwa maua ya plastiki. Chupa zilifunguliwa. Bia ilikuwa nyekundu ya kukolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na juu yake povu zito. Zikajaa glasi sita, na bosi akaniagiza nimpige picha na glasi yake, iambatane na fomu.

Hakuna aliyeinua glasi.

Ntirampeba, afisa wa Kasulu na Muha kama mimi, alikohoa. "Samahani, Mwenyekiti. Mwenye pombe yuko wapi?"

"Yuko Ujerumani. Kwani?"

"Nani sasa ataanza?"

Huku kwetu mwenye pombe ndiye huonja wa kwanza, mbele ya wageni, ndipo wageni wanywe wakiwa na amani kwamba hajawatilia kitu. Wajumbe wa kutoka mikoa mingine walicheka mila hiyo, wakamwita Ntirampeba mshamba. Kisha mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kalamu, wakazisogeza glasi zao mbali. Bosi yeye alikuwa ameiweka yake mbali mara tu baada ya picha.

Basi wakajaza fomu bila kuonja. Nilipita nyuma yao nikisoma, nikauma ulimi nisicheke. Bosi aliandika: "Bia hii inaakisi uhusiano mzuri wa kihistoria kati ya nchi zetu mbili." Loyce, afisa lishe, aliandika: "Ina virutubisho. Itumike kwa kiasi." Ntirampeba akaandika: "Ladha inaridhisha. Tunaomba awamu ya pili."

Hapo shangazi akanyanyuka kule mlangoni.

"Huyo mtu alikunywa kwangu," alisema. "Mimi nilimtangulia kuonja, naye akaniamini. Leo hayupo, nitamwonjea."

Hakungoja ruhusa. Alichukua glasi ya sita, akainusa kwanza, akaizungusha, akapiga funda moja na kufumba macho. Ukumbi mzima ukamtazama kooni, kuona kama atadondoka.

"Andika, mwana wanje, mwanangu," akaniambia, kwa kuwa miwani aliisahau Murungu. "Mwanzo kuna utamu, wa ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi. Halafu ukoko wa mkate. Halafu uchungu, lakini uchungu wenye adabu, unakaa nyuma ya ulimi na kukuomba funda la pili." Akapiga la pili. "Ina nguvu sana hii. Ni laini, kwa hiyo mdomo hauambiwi kitu. Masikio ndiyo yanapata moto kwanza. Ila aliyeipika ana kosa moja. Nafaka yake aliikaanga akatoka jikoni, labda kuzungumza na mtu. Mwishoni kuna moshi, kama mtama ulioungua kikaangoni. Mwambie asitoke jikoni."

Niliandika yote katika fomu namba sita. Nilijisikia fahari.

Bosi akaichukua. "Hapa panataka jina na cheo. Cheo chake nini?"

"Mpika pombe," nikajibu.

"Evaline, hii ni hati ya kimataifa. Ile fomu yangu ya kwanza ipe jina lako, na hii weka jina la Mwenyekiti wa Kamati."

Nikaliweka. Ningeweza kugoma, sikugoma. Njiani kurudi nilimnong'oneza shangazi nilichofanya, na yeye akageukia dirishani mpaka Kibondo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Baada ya wiki tatu Holger alijibu. Fomu tano, alisema, zimemfundisha mengi kuhusu uhusiano wa mataifa. Fomu ya sita ilimtoa machozi: ni kweli, siku ile waliunguza nafaka, na huko kwao hakuna mnywaji aliyegundua. Kwa hiyo mashine itakabidhiwa kwa Bwana Lusajo, mwenye ulimi wa ajabu, aisimamie atakavyoona inafaa.

Bosi alivimba. Siku hiyo hiyo alitangaza ofisini kwamba mashine itafungwa uani kwa kanisa lake, ijaze juisi ya nanasi ya kwaya. "Mungu ana njia zake," alisema. Shangazi nilimkuta Murungu anamwaga pipa la siku ya tatu. Nilipomweleza habari za juisi aliendelea kumwaga. "Nilionja kwa niaba ya Holger," akasema, "kumbe nilimwonjea huyo." Akakaa chini kwenye majani ya migomba na kulia.

Alichokisahau bosi ni kwamba Wajerumani nao wana mitandao. Holger aliweka mtandaoni ile picha ya bosi, tai na tabasamu, glasi imejaa mbele yake, na maneno kwa Kiswahili cha Wakongo alichojifunza kambini: "Papa Lusajo, champion wa kuonja bia kali!" Chini yake yakafuata maelezo yote: ganda jeusi, uchungu wenye adabu, funda la pili, masikio kupata moto.

Picha ikaingia kundi la WhatsApp la kanisa Jumamosi asubuhi. Jumapili bosi hakupewa kipaza sauti. Jumatatu aliingia ofisini kwa kasi, shati limelowa.

"Evaline, chapa tamko. Sijawahi kuonja pombe maishani. Nakala kwa mchungaji, nakala kwa Holger. Andika kwa ukali!"

Nikachapa kwa ukali. Nikaandika kwamba yeye Lusajo hakuonja bia ile hata tone. Kwamba aliyeonja na kusema maneno yote ya fomu namba sita ni Josepha wa Murungu. Kwamba yeye hahusiki na pombe, wala mpika pombe, wala mashine yoyote iliyotokana na pombe, leo na siku zote, na kwamba mashine apewe aliyeonja. Alisoma sentensi ya kwanza, akasema "safi", akasaini, akapiga muhuri mara mbili. Niliituma kabla wino haujakauka.

Jioni Holger alimpigia shangazi kwa video. "Mama Josepha, vraiment, kweli kweli, ni ulimi yako ile? Papa yangu ndiye alitoka jikoni, alikuwa anapiga story na voisin, jirani yetu!" Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Mashine ilifungwa Murungu mwezi wa tano. Bosi alipokumbuka juisi, nilimwonyesha mihuri yake miwili.

Wiki iliyopita aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaanza kuchezea kalamu.

"Evaline," akasema kwa sauti ya chini, "ile ya ganda la ndizi jeusi, na uchungu unaoomba funda la pili... Nimeisoma mara nyingi. Hivi kweli ilikuwa hivyo?"

Nilimhurumia, kidogo tu.

"Bosi," nikamwambia, "si uliandika mwenyewe?"