Maboga ya Sebuleni kwa Brightson

Jumamosi asubuhi Mzee Apolinari alipiga hodi kwa jirani yake Brightson, akavua kandambili mlangoni, akaingia sebuleni kuyatandikia maboga yake nyasi kavu.

"Shikamoo, mzee," alisema Brightson kutoka kwenye kochi, macho kwenye mpira.

"Marahaba, baba. Sogeza mguu kidogo."

Maboga yalikuwa yamejipanga katikati ya sebule, kuanzia dirishani hadi kwenye kabati la vyombo, mstari umenyooka kama uliopigwa kamba. Mashina yake yalikuwa uani kwa Apolinari, upande wa pili wa ukuta, hapo hapo Kimara. Brightson alipojenga, fundi wake aliingia hatua kadhaa ndani ya kiwanja cha mzee, na bikoni, jiwe la alama ya mpaka, ikapotelea chini ya zege. Maboga hayakuwa na habari hiyo. Yalipita ndani ya tofali kama moshi unavyopita kwenye chandarua, yakatambaa juu ya vigae, na yalipofika penye mpaka wa zamani yakatulia, yakazaa. Mke wa Brightson alishazoea kufagia akiyazunguka.

Yalikuwa maboga ya Rombo, ganda la mistari, mbegu ambazo Tekla, mke wa Apolinari, alirithi kwa mama yake. Kila msimu Tekla alizihifadhi kwenye kibuyu, zimechanganywa na jivu. Mwaka ule panya walitoboa kibuyu, zikabaki za kiganja kimoja, na zote zilishapandwa. Haya yakiharibika, basi tena. Za dukani huzaa vizuri mara moja. Ukirudia kupanda mbegu zake, unavuna majani.

Ndiyo maana mzee alikuwa mkali juu ya jambo moja: boga changa halinyooshewi kidole. Unakunja ngumi, ndipo unaonyesha. Brightson, mtoto wa mjini, aliwahi kumwonyesha mgeni wake boga kwa kidole, na kabla chai haijapoa likaoza lote, likalowesha zulia.

"Mie nilidhani ni imani za wazee," alijitetea.

"Sasa hata zulia lako linaamini," Tekla alimwambia.

Adhuhuri ile alifika Mama Hamida, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mashahidi wawili, kuamua kesi ya mpaka. Alikalishwa kwenye kochi, akapewa juisi ya ukwaju, akayatazama maboga, akayasifia ukubwa.

"Haya, Mzee Apolinari. Mlalamikaji anaonyesha mpaka wake kwa kidole, mashahidi wanaona, tunamaliza. Nyoosha."

Apolinari alinyanyua ngumi.

"Kidole, mzee wangu. Ngumi pana hiyo, inafika mpaka Mbezi."

Mashahidi walicheka. Apolinari naye alicheka, ingawa kidole kilikuwa kinamwasha. Kipande kile alikifyeka mwenyewe ujanani, na hoja yake alikuwa ameiandaa kwa wiki nzima, ina utangulizi na hitimisho.

"Si unayaona maboga, mama? Yamekaa juu ya mpaka wenyewe."

"Nayaona, tena mazuri. Lakini boga halina kitambulisho, siwezi kulifanya shahidi. Nyoosha kidole, kiwanja chako kikurudie."

Apolinari aliutazama mstari. Hapakuwa na mahali pa kuuonyesha mpaka pasipo kulielekea boga. Akamtazama Tekla, aliyekuwa amesimama mlangoni. Tekla alikuwa anaangalia dari, kama mtu anayehesabu misumari. Mzee akaitia mikono yote miwili mfukoni.

"Sina cha kuonyesha," alisema.

"Na wewe, Brightson?"

Brightson aliunyooshea kidole ukuta wake. Ukuta haukuoza. Mama Hamida akaamua kwamba mpaka ni ukuta, akamalizia juisi, akaomba aandaliwe boga moja likikomaa.

Vikonyo vilipokauka na ukucha ukashindwa kutoboa ganda, maboga yalipasuliwa kwenye sinki la Brightson. Mkewe alipika futari ya nazi iliyotosha nyumba zote mbili na sahani ya mwenyekiti. Mbegu zilijaa ungo. Brightson aliomba chache, akapewa, akafundishwa kuzisugua kwa jivu.

Mbegu mbichi hazitaki jua kali. Zinataka kivuli chenye upepo, na uani kwa Apolinari hapakuwa na kivuli kizuri kuliko cha ukuta ule. Tekla alizianika hapo.