Kimwanga Juu ya Kiti

Watu walimwita Cheka Basi, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kuchekeshana naye. Mkewe aliondoka zamani, akabeba sufuria zote na redio, akamwachia kikombe kimoja, pengine kwa kuona kwamba mtu mmoja hana kazi na viwili.

Aliyeingia studio bila kutaka picha alikuwa mmoja tu: mama mshonaji wa mlango wa pili, mjane, ambaye kila jioni akifunga cherehani alikuja kuketi kwenye stuli ya wateja na kuisema vibaya kola ya shati lake.

Siku umeme ulipokatika, Cheka Basi alimpiga picha akishona kwa mshumaa. Picha ilipotoka, juu ya kiti kitupu upande wa pili wa meza palining'inia kimwanga cha kijani, kidogo kama kifungo. Kiti kilikuwa cha marehemu mumewe.

"Ndiye," mama alisema, ameishika picha kwa mikono miwili. "Hakupenda nikae gizani peke yangu." Tangu hapo akawa anaiamkia kila asubuhi.

Cheka Basi alijua kimwanga kimetoka wapi. Mbele ya lenzi alikuwa amefunga filta ya kinga, kile kioo cha duara cha kuzuia vumbi na mikwaruzo, aliyoinunua kwa bei ya kutupa kwenye meza ya barabarani. Ukipiga penye taa, kioo kile kinairudisha, taa inazaa mtoto. Angesema siku ileile. Lakini mama alikuwa na furaha, akanyamaza.

Sasa mambo yakawa mazito. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, sindano inamchoma yeye kuliko kitambaa. Bintiye, anayekaa mbali, akamtayarishia chumba kwake. Gari lingekuja Jumamosi.

"Siendi," mama alimwambia Cheka Basi. "Nimwache baba yao na nani? Kesho nipige nyingine, binti aje aone mwenyewe."

Ndiyo maana kesho yake asubuhi Cheka Basi alisimama kwenye duka la vifaa vya kamera, jasho linamtoka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kipenyo?" aliuliza muuzaji, dada mmoja mwenye miwani na maneno mengi.

"Hamsini."

"Hiyo ni namba nyingine, mzee wangu. Soma penye kaduara kalikokatwa mstari."

Akaigeuza lenzi. "Hamsini na nane. Loo! Ile ya zamani niliijaribu tu kama kofia."

Muuzaji akaweka filta mbili chini ya taa. "Inama. Kwenye hii unaiona taa?"

"Naiona. Na pua yangu."

"Basi waachie wanaojipaka poda. Na hii?"

Humo taa ilikuwa kivuli tu cha kijani. "Kama haipo."

"Chukua hiyo. Imepakwa dawa pande zote, mwanga unapita bila kusimama kupiga soga."

"Vile vimwanga havitatoka tena? Hata kimoja?"

Muuzaji akamtazama juu ya miwani. "Watu huja hapa kuvikimbia. Wewe unavililia?"

Cheka Basi aliigeuza filta mpya mkononi. Akibaki na ile mbovu, mama naye atabaki, na jioni zitakuwa na mtu. Atabaki akishona asichokiona, akikiamkia kiti. Cheka Basi akairudisha filta mezani, akaenda hadi mlangoni, akasimama, akarudi.

"Nifungie," alisema.

Jioni mama alikuwa tayari, amewasha mshumaa, amejifunga mtandio mpya. Cheka Basi akampa kwanza ile filta ya zamani. "Mama, ielekeze kwenye mshumaa. Isogeze karibu na macho."

Ndani ya kioo palikuwa na mshumaa wa pili, unacheza. Kisha akafunga filta mpya, akapiga, akamwonyesha kwenye skrini ya kamera. Kiti kilikuwa kitupu.

Mama akakigusa kile kiti. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na mimi nakiamkia kioo!" Akacheka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona utaacha kuja."

"Mjinga wewe," mama alisema polepole. "Mimi nilikuwa nakuja kabla ya hicho kimwanga."

Jumamosi binti alifika, wakapakia cherehani na mabegi. Mama akaketi kiti cha mbele, akashusha dirisha. "Nipige, basi. Na hiyo kola uigeuze."

Akampiga. Gari likaondoka, na lilipokata kona ndipo Cheka Basi alipokumbuka kwamba hakuuliza picha aitume wapi. Mtu wa mlango wa pili, nani huchukua namba yake?

Akaisafisha hata hivyo, kubwa, akaitundika dirishani pamoja na za wateja ambao hawakurudi kuchukua zao. Anayeuliza yule mama ni nani wake huambiwa, "Jirani," kisha huombwa akae vizuri, ainue kidevu.