Pale Kidole cha Mwisho Kinapokaa

Siku baba alipofariki, kulabu ya kwanza pale buchani ilikuwa tupu, na hakuna aliyeitazama. Watu walikuwa wanatafuta shuka, wanatafuta namba za simu za ndugu wa mbali, wanamtafutia mama mahali pa kukaa. Asubuhi baba alikuwa ametoka kidogo, akarudi, akaketi kwenye benchi la wateja akisema miguu imechoka, akaegemeza kichwa ukutani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mteja aliyeingia kutaka nyama ya supu alimsalimia mara mbili kabla ya kupiga kelele.

Ilikuwa baada ya mazishi, binti yake alipokwenda kulisugua gogo la kukatia nyama, ndipo alipoinua macho akaona. Kwenye kulabu ile ndipo kisu cha baba kilipokaa miaka yote. Hakikuwepo.

Binti huyo walimwita Mkia. Tangu alipojua kutembea alikuwa nyuma ya baba yake, na baba alipogeuka ghafla waligongana. Alikua, akamaliza shule, akarudi palepale: yeye kwenye mizani, baba kwenye gogo. Mchana wateja walipopungua, baba alimwachia kisu na kipande cha paja, akasimama kando mikono nyuma. "Usiikate nyama," alimwambia. "Ifuate. Nyama ina njia zake. Wewe usipotee tu."

Maneno mengine ya baba yalikuwa majigambo. Kwamba kisu chake hakijawahi kunolewa na mkono wa mtu mwingine. Kwamba mfupa ukitolewa nyama yake vizuri, mbwa huupita bila hata kuupa salamu.

"Kimeibwa," kaka yake Mkia alisema. "Msibani huingia kila mtu. Mwenye kulia analia, mwenye kuiba anaiba."

Walitafuta chini ya gogo, nyuma ya friji, hata kwenye pipa la mifupa. Hakuna.

Chumba cha bucha kilikuwa cha ndugu wawili, baba na mdogo wake. Yule baba mdogo akaja siku moja, akakaa kwenye benchi lilelile, ila upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "sina nia mbaya. Lakini bucha bila mkataji ni chumba chenye harufu tu. Kuna mtu anakitaka, auze vioo na fremu za picha. Nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mkionyesha kazi, mimi nitanyamaza."

Majirani walinong'ona kwamba kufa kufaana. Lakini Mkia alikuwa amemwona baba mdogo akilia kaburini kama mtoto, akajua kwamba mtu huyu hakitaki chumba. Hataki tu kukipita kila siku akitazame kinavyokufa.

Basi akaanza kukata kwa visu vya jikoni vya mama yake. Nyama ilitoka imechanika, mfupani ikabaki nyingi. Mbwa wa mtaa ule walinenepa. Mteja mkubwa wa baba alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mwili na sauti, aliyeitwa Mama Sufuria hata na mumewe. Aliitazama nyama ndani ya beseni lake muda mrefu.

"Mkia, hii umeikata au mligombana?"

"Nisamehe mama. Kisu."

"Kisu, kisu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sisi wengine tutakula maneno."

Alicheka, lakini wiki iliyofuata alichukua nusu ya anachochukua siku zote.

Kaka yake alikuwa fundi simu, na kwake hakuna shida isiyokuwa na dawa ndani ya simu. Usiku wakiwa sebuleni akamsogezea kioo. "Njoo uone. Dunia nzima iko hapa, wewe unalia na kisu kimoja."

Mkia akatazama, na kusema kweli alishangaa. Visu vilikuwa maelfu. Ukivuta kidole, vinapita kama samaki mtoni: virefu, vifupi, vya mpini mweusi, vya mpini wa pembe. Kulikuwa na picha ya kisu kikikata nyanya mpaka mwanga unapenya upande wa pili. Watu wasiojuana, wa nchi asizozijua, walikuwa wameandika sifa chini yake kama wanaosifia mkwe. Wakachagua kimoja kilichoandikwa kwamba ni cha wakata nyama.

Kilikuja ndani ya boksi, ndani ya boksi jingine, kimelazwa kwenye kitambaa chekundu. Bapa lake lilikuwa na michirizi kama maji yanayotulia. Nyumba nzima ilisogea kukiona, na kaka alikibeba kama mtoto mchanga.

"Mama, usikiguse, una mikono ya kitunguu."

"Nilikubeba wewe na mikono hiyohiyo," mama akamjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu msiba.

Na kwa saa nzima ya kwanza kisu kile kilikata kweli. Lakini kazi ya bucha ina mafuta. Mafuta yalipoanza kupanda mkononi, mpini ule mzuri, laini kama kioo, ukaanza kucheza. Mkia akaubana. Ukacheza zaidi. Alipofika kwenye kiungo cha goti kisu kikageuka kiganjani, kikamkata chini ya dole gumba la mkono wa kushoto, akaona damu yake ikichanganyika na ya ng'ombe.

Mama Sufuria alimkuta amefungwa kitambaa. Akalitazama boksi, akakishika kitambaa chake chekundu. "Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema. "Ila gunia lenyewe zuri, sikatai. Sikiliza, mwanangu. Kesho nenda kwa Bibi Makali, nyuma ya duka la magodoro. Sisi wa jikoni wote tunanunua kwake. Na Jumamosi nitakuja kuchukua paja zima, limetolewa mfupa. Likiwa vile tena, nitatafuta kwingine. Nina watoto mia tatu wa kulisha, siwezi kuwalisha huruma."

Jumamosi hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mtu wa vioo kuja kupima kuta.

Duka la Bibi Makali lilikuwa jembamba kama uchochoro uliowekewa paa. Mkia aliingia na kelele za barabarani zikabaki nje. Visu vilipangwa ukutani kutoka chini mpaka juu ya kichwa chake, vyote makali yameelekea ukuta, kama watu waliofika mahali pa heshima wakageuza nyuso. Hakikuwepo hata kimoja kilichong'aa kwa ajili ya kumwita. Kulinukia jiwe lililolowa na mafuta ya mashine. Mwisho wa chumba, chini ya taa, alikaa bibi mdogo wa umbo mwenye aproni ya ngozi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nini? Kushona viatu? Jikoni?"

"Bucha."

Bibi akamsukumia bakuli lililokuwa mezani. Ndani mlikuwa na mafuta ya ng'ombe, yameganda nusu. "Chovya mkono."

"Mkono, bibi?"

"Sasa utashika kisu kwa mguu? Chovya. Kisu cha bucha kinakaa kwenye mkono wa mafuta kuanzia asubuhi. Ukikijaribu na mkono mkavu, umenunua kisu cha mtu mwingine."

Mkia akachovya. Bibi akampa kisu cha kwanza, kikateleza. Cha pili hakikuteleza, lakini kilikuwa kizito mbele, kinainamisha kichwa kama mwenye usingizi. Cha tatu kilikuwa kibaya cha sura, mpini wake mwekundu wa mti uliokwaruzwa kwa makusudi, na Mkia alipokifumbata mkononi hakikwenda popote. Kilikaa.

Bibi hakuwa anakitazama kisu. Alikuwa anatazama dole gumba la Mkia, lililolala juu ya mgongo wa kisu, na kidole cha shahada kilichojikunja nyuma yake.

"Nani amekufundisha kushika hivyo?"

"Baba yangu."

"Mrefu? Mwenye maneno mengi?"

Mkia akaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambie ameniweka sana!" Bibi alishuka kwenye kiti, akaenda nyuma, sauti yake ikimfuata. "Ananiletea kisu asubuhi, anasema nitapita jioni, mpaka leo. Na mwambie aje kwa mlango wa mbele kama binadamu. Miaka yote anaingilia nyuma eti watu wasimwone kwamba ananolewa kisu na mwanamke!"

Akarudi na kitu kimezungushiwa kipande cha gunia.

"Bibi," Mkia akasema, "baba ametutoka. Siku ileile. Alirudi kutoka huku akakaa chini, akaondoka."

Bibi Makali akasimama. Alikilaza kifurushi mezani polepole sana, kama kinaweza kuamka, kisha akavua aproni yake akaitundika, ndipo akasema pole, akiwa amesimama wima.

Wakakifungua pamoja.

Kisu kilikuwa kimenolewa, kimepakwa mafuta, kipo tayari kwa jioni ile. Mkia alikuwa amekiona maisha yake yote, lakini siku zote kikiwa ndani ya mkono au kimefunikwa na ukungu wa kazi. Sasa kilikuwa peke yake chini ya taa. Na aliona kwamba mpini haukuwa tena umbo lililotoka kwa seremala. Ulikuwa umelika. Palikuwa na bonde la dole gumba. Palikuwa na bonde la kidole cha shahada, la kidole cha kati, la kile kinachofuata, kila moja na kina chake, laini kama mahali mtoto alipolala kwenye mchanga. Halafu mwisho, pale kidole cha mwisho kinapotakiwa kukaa, hapakuwa na kitu. Mti ulikuwa umesimama kama ulivyokuja, na rangi yake nyekundu ya dukani bado ipo.

Mkia akaelewa, akashika meza.

Kidole cha mwisho cha baba kilikuwa kimekakamaa tangu ujana. Hakikukunjika. Kwenye kikombe kilisimama chenyewe, na akiwa mdogo alikuwa akimcheka: baba, unakunywa chai kama bwana harusi. Picha ya kidole kile hawakuwa nayo. Wakati wa kumwosha hakuwepo, na ndani ya moyo wake alikuwa amekwisha kuogopa kwamba atakisahau. Kumbe kilikuwepo hapa. Mkono mzima ulikuwepo, umejiandika siku baada ya siku bila mwenyewe kujua, na kidole kile kimoja kikajiandika kwa kutogusa. Hakujua muda uliopita. Magari yalikuwa yanapita nje kama yako nchi nyingine.

"Kishike," Bibi akasema taratibu, akamwekea kipande cha ngozi mbichi.

Akakishika. Vidole vyake vilizama kwenye mabonde ya baba vikaelea, havikupata ukingo. Alipokata, kisu kikayumba.

"Unaona," Bibi akasema. "Mpini huu umeshajaa. Hauna nafasi ya mtu wa pili."

Mkia alilia hapo, kidogo, mkono mmoja una mafuta na mwingine una kitambaa, hana wa kufutia machozi. Bibi akamfuta kwa ncha ya kanga yake, kisha akakaa mbele ya jiwe la kunolea akakinoa kile kisu cha tatu, kibaya cha sura, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Kuhusu kisu cha mtandaoni, ambacho Mkia alikuwa amekibeba na boksi lake, alikigonga kwa ukucha akasema, "Chuma chake hakina kosa. Aliyekitengeneza hakuona mkono utakaokishika, basi. Mpelekee mama yako."

Jumamosi chumba kilijaa. Mama Sufuria na beseni lake. Baba mdogo kwenye benchi. Mtu wa vioo ukutani, na futi yake ya chuma inayojikunja kwa kishindo. Kaka mlangoni, simu mfukoni.

Mkia akalitupa paja juu ya gogo. Kisu cha baba kilikuwa kwenye kulabu yake, hakukigusa. Akaingiza ncha ya kisu kipya karibu na kiungo, akangoja kidogo, na pale ndani akaisikia njia: mahali nyama mbili zinapokutana bila kushikana. Akaifuata. Ikageuka, naye akageuka. Mafuta yakapanda mkononi, mpini ukakaa. Hakusikia futi, hakusikia mtu. Nyama ilikuwa inafunguka yenyewe kama kitabu kilichokwisha kusomwa mara nyingi, akashangaa kwamba imekuwa hivi siku zote, ndani ya kila paja alilowahi kulipima kwenye mizani, njia zote zimo, zinangoja.

Mfupa ukatoka mweupe.

Mama Sufuria akauchukua, akaugeuza, akautafuta kosa. Akatoka nao mpaka mlangoni akautupa mbele ya mbwa mkubwa wa mtaa, yule aliyenenepa mwezi ule. Mbwa akaja, akaunusa upande huu, akaunusa upande ule. Akamtazama Mama Sufuria usoni. Kisha akaondoka zake.

Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akainama, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndugu yangu," akamwambia mtu wa vioo, "kunja futi yako."

Siku hizi mama anakata mkate kwa kisu chenye michirizi ya maji, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mama Sufuria huja kila Jumamosi. Bucha hufunguliwa saa moja asubuhi, isipokuwa siku Mkia anapopeleka kisu kwa Bibi Makali. Siku hiyo huchelewa, na hupitia mlango wa mbele. Kisu cha baba kiko kwenye kulabu ya kwanza, na mpini wake hupakwa mafuta mti usije ukapasuka. Kwenye kisu kingine, kile cha kazi, rangi ya mpini imeanza kutoka pale kidole cha mwisho kinapokaa.