Ncha ya Ulimi wa Mwalimu

Mume wangu ni mwalimu wa sayansi, na maradhi yake ni kwamba hata nyumbani hafungi shule. Mama yangu alipotoka hospitali alikuja kukaa kwetu na chupa ya dawa ya maji, chungu kama shubiri. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba akiruka dozi atarudi kulazwa. Mwalimu akaona kipindi kimeanza.

"Mama, ulimi umegawanyika," akamwambia kwa adabu zote za mkwe. "Utamu unasikika kwenye ncha, uchungu huku nyuma kabisa. Weka dawa kwenye ncha, umeze haraka, hutasikia kitu."

Mama akaweka, akameza. "Kweli, baba. Hata sikusikia."

Mume wangu alitembea kifua mbele siku nzima.

Siku ya tano niliingia jikoni nikamkuta mama anamwaga kijiko cha dawa kwenye sinki, bomba amelifungulia ili kufuta ushahidi. Damu ilinichemka.

"Mama! Unataka kurudi wodini?"

"Punguza sauti, mwanangu. Mkwe wangu asijue."

Hapo nikamjua mchawi wetu: lile somo la ulimi. Gauni la mteja nililokuwa nashona nikaliacha kwenye cherehani, nikachukua kipande cha kitambaa cha bitana, nikamfuata mwalimu sebuleni, nikamfunga macho.

"Toa ulimi."

"Wa nini?"

"Wa sayansi." Kwa neno hilo hana ujanja.

Nilichovya kijiti cha pamba kwenye kahawa nzito isiyo na sukari, nikampaka kwenye ncha, pale pale pake pa utamu. Uso ukamkunjamana.

"Chungu!"

"Haiwezekani, mwalimu. Hapo ni kwa utamu tu."

Akasukutua, akadai nimekosea mahali. Nikarudia. Chungu vilevile. Nikampaka maji ya sukari nyuma kabisa, akakohoa kwanza, kisha akakiri kwa sauti ndogo, "Tamu." Ndimu kwenye ncha, akasikia ukali. Chumvi nyuma, akasikia chumvi. Kila nilipogusa, ulimi ulimuumbua.

Akavua kitambaa. "Miaka kumi na saba nimefundisha hivyo."

"Na hukuwahi kujaribu mwenyewe?"

"Si ilikuwa kwenye kitabu!"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikamweleza habari ya sinki, na kicheko kikatukauka sote wawili.

Alikwenda chumbani kwa mama, akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, nisamehe. Nilikudanganya bila kujua. Uchungu unasikika ulimi mzima, nimehakikisha sasa hivi."

Mama alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Kumbe mimi ni mzima?"

"Mzima vipi, mama?"

"Wewe msomi umesema hakuna uchungu, na mimi nausikia mpaka kisogoni. Nikajua ugonjwa umeshapanda kwenye ulimi. Nitakwambiaje wewe, mkwe wangu? Nikasema, kama umefika mpaka huku, dawa ya nini tena?"

Mume wangu alimimina dawa kwenye kijiko, akampa. Mama akameza. Kisha, mbele ya mkwe wake kwa mara ya kwanza, akakunja uso wote, akatoa ulimi nje, akapiga miguu chini.

"Uwii, chungu! Chungu kote, baba!" akapiga kelele, na tangu atoke hospitali sikuwa nimemwona na furaha namna ile.