Kipimo cha Mkono wa Tryphena

Mzee Maundu alikuwa fundi wa silaha wa polisi kwa miaka ishirini na mitatu, na kama ulikuwa hujui, angekuambia kabla hujakaa. Alipostaafu alifungua kibanda pale Voi, nyuma ya stesheni ya reli, akawa anatengeneza vyerehani, kufuli na stovu za mafuta ya taa. Lakini ole wako umwite fundi cherehani! Angekufukuza na mashine yako begani. Hata Sajini Oduor, aliyekuwa akitunza bunduki za kituo cha polisi wakati huo, alikuwa mwanafunzi wake, na haikupita siku Maundu asilitaje hilo.

Mwaka wa 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Wazungu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakaanza kufunga virago, na vitu vyao vikauzwa bei ya kutupa. Ndipo Alexander, tajiri mwenye shimo la mawe ya thamani ya kijani kule ng'ambo ya Marungu, akaingia kibandani na bastola iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mzee, niangalizie hii. Ni chuma kitupu, na mwenyewe anaiuza rahisi. Lakini sitaki kununua takataka."

Maundu akanawa mikono kwanza. Akahakikisha haina risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, akauelekeza mtutu dirishani na kuchungulia ndani. Haukuwa na kutu. Akapitisha ukucha taratibu mahali chuma kinaposuguana na chuma, akaachilia springi, akaisikiliza, akaivuta tena. Kwa nje bastola ilikuwa na sura mbaya kweli. Alama za tupa zilionekana wazi, rangi imechujuka, na mbao za mpini zimekwaruzwa.

"Walioitengeneza hawakuwa na muda wa kuipamba," alisema. "Lakini ndani hawakuiba. Pale panapobeba kazi pamelainishwa vizuri. Hiki ni chuma, si bati la kopo. Nzito kidogo, na springi yake ni ngumu, lakini nzima."

"Kwa hiyo ninunue?"

"Pole pole, bwana. Bastola nimeijua, mkono bado. Atakayeibeba ni nani?"

Na hapo Maundu alikuwa na haki ya kuringa, tusimnyime. Askari wengi sana walikuwa wamepita mikononi mwake. Alimshika kila mmoja mkono, akamtia mpini kwenye kiganja mpaka nyuma yake ikae sawasawa kati ya kidole gumba na cha shahada, akatazama kama mtutu unafuata mfupa wa mkono, kisha akakilaza kidole kwenye kifyatulio na kukikunja yeye mwenyewe, polepole, akisikiliza kwa vidole vyake kama kinavuta au kinaburutwa. Hakuamini macho. Alikuwa akisema macho yanadanganyika, kiganja hakidanganyiki.

"Ni karani wangu wa mawe," Alexander akasema. "Ndiye anayeyachambua na kuyaleta Voi kwa treni. Polisi hawatoi leseni mpaka fundi aandike kwamba silaha ni nzima na inamkaa mkononi. Mtu wako wa nyumbani, mzee, kwa hivyo najua utampima vizuri. Yuko nje kwa gari. Mimi nakwenda posta, nitarudi kuchukua karatasi."

Akatoka. Na mlangoni akasimama Tryphena, mke wa Crispus, mtoto wa kwanza wa Maundu.

Maundu akageuza uso ukutani.

Msimcheke bado. Kwa Wakamba wa rika lake, baba mkwe hamgusi mkaza mwana. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja wawili peke yao. Crispus alikuwa akifanya kazi ya reli Makindu, na mkewe aliishi uani kwa Maundu na watoto wawili. Miaka saba walikaa boma moja, na muda wote huo walizungumza kupitia kwa Ndunge, mke wa Maundu. "Ndunge, mwambie mama watoto chumvi imezidi." "Mama, mwambie baba nimesikia." Na wote watatu wako pale pale! Tryphena alitoka Mbololo, kwa watu wa kanisa, ambako babake aliwasalimia wake za wanawe kwa mkono na kuwauliza habari za shamba. Lakini alipoolewa alijifunza, na hakuna siku alimkosea mzee.

Ndunge akaitwa kutoka jikoni. Aliposikia mambo akasema lililokuwa rahisi kabisa.

"Si umpeleke kwa Oduor? Kituo ni hapo tu. Amshike huo mkono, akupe jibu, uandike."

"Oduor?" Maundu akafoka. "Mimi ndiye niliyemfundisha Oduor kushika bisibisi! Leo niende kumwomba anipimie bastola? Kesho mji mzima utasema mzee amekwisha."

Basi hapo ndipo palipoharibika, kama unataka kujua. Si kwa heshima. Heshima ilikuwa na mlango wake, tena wazi, na umbali wa kutembea kwa mguu. Palikuwa pameharibika kwa kiburi, na kiburi kikavaa koti la heshima, likakikaa.

Maundu akachukua karatasi ya sukari, akampa Ndunge na kalamu ya risasi. "Mwambie aweke mkono hapa, vidole wazi. Uchore pembeni."

Tryphena akaweka mkono juu ya benchi. Ndunge akachora, akifuata kidole kwa kidole. Walipomaliza Tryphena akasita, kisha akauinua mkono wa kulia.

"Mama, mwambie baba hiki kidole cha..."

"Mwambie asiniinulie mkono!" Maundu akakatiza, uso bado ukutani. "Nimeomba mchoro, sikuomba maneno."

Tryphena akaushusha mkono. Ndunge akafungua mdomo, akamtazama mumewe mgongo, akaufunga. Nyumba ile ilikuwa imezoea kufunga midomo.

Maundu akalaza bastola juu ya mchoro. Akapima kwa bikari kutoka kwenye gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada. Kilifika kwenye kifyatulio, tena kwa nafasi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kazini: *Nimeipima bastola hii, ni nzima. Nimeupima mkono wa Bibi Tryphena kwa bastola hii. Inamkaa.* Akatia sahihi, na chini yake akaandika cheo chake cha zamani.

Ambacho mchoro haukusema ni hiki. Tryphena alipokuwa msichana, akikata majani ya ng'ombe kwa shangazi yake kule Werugha, panga lilimpitia kidole cha shahada karibu na fundo la mwisho. Kilipona, lakini kilibaki kigumu. Kiliandika, kilichambua mawe, kilishona. Kukunja mpaka ndani, kwa nguvu, kilikataa. Ukikitazama huoni kitu zaidi ya kovu. Ukikishika, unajua mara moja.

Alexander hakutaka kupoteza risasi kwa mazoezi. Risasi ni ghali, alisema, na karatasi ya fundi inatosha. Tryphena alijaribu kuivuta mara moja ikiwa tupu, ikamshinda, akamwambia Ndunge wakiwa wanapepeta mahindi.

"Labda sijazoea, mama. Baba amesema inanikaa."

Mwezi wa tatu baada ya hapo, mchana kweupe, watu watatu waliziba njia kwa gogo wakati Landrova inatoka shimoni. Dereva, Opiyo, akasimamisha gari. Tryphena akatoa bastola, akaelekeza kifuani kwa yule wa mbele, hatua nne tu. Opiyo alieleza baadaye, na hakutia chumvi: mtu yule alisimama, akainua mikono, akangoja kufa. Akangoja. Bastola haikulia. Mwisho akaishusha mikono yake, akamnyang'anya bastola kama anayemnyang'anya mtoto kijiko, na mfuko wa mawe ukaenda.

Alexander hakukawia kupiga hesabu zake. Silaha nzima. Mkono umepimwa. Mwizi yuko hatua nne. Asiyefyatua hapo ametaka kutofyatua, na wale wezi ni wenzake. Jioni hiyo Tryphena akalala mahabusu.

Asubuhi ya pili Maundu akaitwa kituoni. Kabla hajatoka Ndunge alimshika shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nenda ukaseme hukumshika mkono. Sema ulitumia karatasi. Basi. Atatoka leo leo."

"Unajua wanachomfanya mtu aliyeandika uongo kwa leseni ya silaha?"

"Sijui. Najua wanachomfanya yeye."

Ofisini alimkuta inspekta, mtu mgeni aliyehamishwa majuzi, na pembeni Sajini Oduor, na Alexander ameketi na uso wa kufiwa. Tryphena alisimama karibu na ukuta, miguu mitupu. Maundu akatazama meza.

"Mzee," inspekta akaanza, "mama huyu anasema kidole chake hakikunji. Daktari ameona kovu, lakini anasema hawezi kuapa kama kidole kinakataa au mwenyewe anakikataza. Wewe ndiye uliyempima. Ulipomtia bastola mkononi, kidole kilikunja au hakikukunja?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Mtoto wa darasa la pili angelijibu: sikumtia. Maundu akalisikia neno hilo likipanda kifuani.

Ndipo Oduor akasogea, akasema kwa upole, "Mwalimu, pengine hukumshika wewe mwenyewe. Tunajua mambo ya ukwe. Sema tu. Hakuna atakayekucheka."

Masikini Oduor! Alikuwa anamfungulia mlango. Lakini Maundu alisikia neno moja tu, *atakayekucheka*, akainua kichwa na kumwona mwanafunzi wake na magwanda yaliyopigwa pasi, na funguo za stoo ya silaha zikining'inia kiunoni, zile zile zilizokuwa zikining'inia kwake.

"Miaka ishirini na mitatu," Maundu akasema, "sijaandika nisichokipima. Nilimpima. Kidole kilikunja."

Alexander akajikohoza. Inspekta akamgeukia Tryphena.

"Umesikia. Baba mkwe wako anasema alikushika na kidole kilikunja. Unasemaje?"

Kama angesema hapana, pangekuwa na maneno mawili, na inspekta angelazimika kumwita Ndunge. Maundu alilijua hilo. Na haki ya Mungu, alitamani aseme. Alisimama pale akiomba moyoni mkaza mwana wake amwite mwongo mbele ya watu, ili ukweli utoke bila yeye kuutoa. Ona ujanja wa mwoga! Hata ukweli wenyewe alitaka abebewe.

Tryphena akasema, akitazama sakafu kama alivyofundishwa, "Mimi siwezi kumwita baba mwongo."

"Kwa hiyo alikupima?"

"Kama baba amesema, amesema."

Inspekta akaandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu, na muda wote huo mlango ulikuwa bado wazi. Maundu angeweza kusema *afande, ngoja*. Ulimi ulikuwa mdomoni mwake, haukukatwa. Akakunja kofia yake mara mbili, akauliza kama anaweza kwenda.

Mahakamani alirudia maneno yale yale, safari hii ameshika Biblia, na yalitoka kwa urahisi zaidi. Tryphena alipewa miaka mitatu, akapelekwa jela ya wanawake Mombasa. Crispus alikuja kutoka Makindu, akasikia kwa watu kwamba mkewe aliiba na babake mwenyewe ndiye aliyethibitisha, akarudi Makindu bila kulala. Watoto walichukuliwa na bibi yao mzaa mama wakaenda Mbololo. Kibandani wateja waliongezeka. Watu walisema mzee Maundu ni mtu wa haki, hakumwonea huruma hata wa kwake. Walikuja kumpa mkono.

Ndunge hakupiga kelele. Siku ya hukumu alimwekea chakula mezani, akasimama.

"Sasa umeheshimiwa ya kutosha," alisema, akaenda kulala kwenye chumba cha Tryphena, na tangu siku hiyo akalala huko.

Kila mwisho wa mwezi alipanda treni kwenda Mombasa na kikapu cha vitu vile vinavyoruhusiwa. Maundu hakuuliza habari. Safari ya kwanza hakuuliza, ya pili hakuuliza. Ya tatu alimfuata mpaka jikoni, akasimama mlangoni, mahali ambapo mwanamume wa rika lake hasimami.

"Amesema nini?"

Ndunge alikuwa anafunua kikapu. Maundu akangoja, na alichokingoja ni matusi. Alikuwa ameyaandalia nafasi, ameyapigia mahesabu usiku kucha: amwite mchawi, amwite mbwa, amlaani yeye na kibanda chake. Angeyapokea yote. Yangempunguzia.

"Amesema nikusalimie," Ndunge akajibu. "Ameuliza kama kile kikohozi chako kimepona. Amesema usinywe maji ya baridi."

Maundu akashika mwimo wa mlango. Akalia kwa sauti, mzee mzima, na Ndunge akaendelea kutoa vitu kikapuni, kimoja kimoja, mpaka kikapu kikawa kitupu.